Majibu ya Mtihani wa Mwaka Mwingine

Kuna majina tumeyaokota mtandaoni tukayavaa bila kuangalia lebo. Boomer. Millennial. Gen Z. Tangu Juni 2024, vijana walipoingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, Kenya nzima inaongea hiyo lugha. Redio inasema Gen Z, pasta anasema Gen Z, hata makanga akikosana na wewe juu ya chenji anakuambia "nyinyi ma-Gen Z mna shida." Sawa, hilo letu limeshatushika. Lakini mengine yalishonwa Marekani kwa mwili wa Marekani. Boomer ni mtu aliyezaliwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wanajeshi wao waliporudi nyumbani na watoto wakazaliwa kwa wingi. Sasa niambie, mtu aliyezaliwa Murang'a 1950, akakulia kwenye kijiji cha Hali ya Hatari kilichozungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa, analingana aje na mtu wa Ohio aliyekulia kwenye nyumba yenye gari na friji?

Huku kwetu watu walikuwa na hesabu yao ya vizazi kitambo. Wakalenjin wana rika zao zinazozunguka na kurudi. Wagikuyu walikuwa wanaipa rika jina la kitu kilichotokea mwaka huo: njaa, ugonjwa, nzige. Yaani jina la rika lako lilikuwa linaambia watu ni shida gani ilikukaribisha utu uzimani.

Mimi leo nataka tuhesabu vizazi vya Kenya kwa kitu kimoja: karatasi. Cheti. Kwa sababu nikiangalia vita vya nyumba nyingi, pamoja na yetu, vita si vya nywele wala jeans zilizoraruka. Ni karatasi. Wazee wanaiamini, sisi hatuiamini, na kila upande unaona ule mwingine umerogwa.

Nijitambulishe kwa wageni. Nina miaka 22. Nilifika chuo kikuu, nikatoka kabla ya kumaliza. Kwa hivyo hii stori si ya kusomea mbali.

Kizazi cha kipande

Karatasi ya kwanza ambayo serikali ilimlazimisha Mkenya wa kawaida kubeba haikuwa cheti. Ilikuwa kipande. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alitakiwa kutembea nacho, kimekunjwa ndani ya kikopo cha chuma, kinaning'inia shingoni. Ndani kumeandikwa jina lako, alama za vidole, kazi ulizofanya, pesa uliyolipwa. Ukitoka kwa mzungu kabla hajakusainia, hiyo ni kesi. Watu walikifananisha na kengele ya mbuzi, na hawakuwa wanatania.

Lakini watu haohao waliona kuna karatasi nyingine. Yule kijana aliyesoma misheni hachimbi mtaro. Anaandika majina ya wanaochimba. Yeye ni karani, au mkalimani, au mwalimu. Hata akitukanwa anatukanwa akiwa kivulini.

Kwa hivyo wakataka shule, na wakataka shule ya vitabu. Hapo ndipo kulikuwa na shida. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilipita huku ikapendekeza Mwafrika afundishwe elimu ya mikono, kilimo na ufundi. Ilisikika vizuri kwenye ripoti. Lakini mzazi aliyeona watoto wa wazungu wanafundishwa kitu kingine kwenye shule nyingine alielewa haraka sana maana yake: wako watasoma waongoze, wangu atasoma aendelee kuchimba. Alliance ilifunguliwa 1926, lakini nafasi zilikuwa za kuhesabu kwa vidole.

Baada ya mzozo wa tohara ya wasichana wa 1929, familia nyingi za Wagikuyu zilitoka kwenye shule za misheni zikajenga zao. Zilichanga mabati, mbao na mishahara ya walimu. Mwaka 1939 wakafungua chuo chao cha ualimu Githunguri, chini ya Mbiyu Koinange, aliyekuwa amesoma Marekani mpaka Columbia. Fikiria hiyo. Watu wanaokatwa kodi ya nyumba za nyasi wanajenga chuo kwa michango.

Mwaka 1952 Hali ya Hatari ikatangazwa, serikali ikafunga shule hizo. Githunguri, pale watu walipochangia watoto wao wasome, pakawekwa vitanzi vya kunyongea watu.

Kwa hivyo ukikutana na mzee wa rika hilo akuambie elimu ni uhai, haongei kwa mafumbo. Yeye aliona serikali ikiogopa daftari kama vile inaogopa bunduki.

Kizazi cha ndege

Guka wangu alizaliwa 1942. Alisoma wakati wa ule mfumo wa ripoti ya Beecher ya 1949, ambao ulikuwa unachuja watoto mapema sana. Unasoma miaka minne, mtihani. Wengi wanabaki hapo. Wachache wanasoma minne mingine, mtihani tena. Kina guka waliofika darasa la nane wakapita walikuwa kama washindi wa jakpoti.

Kisha Septemba 1959 ndege ikatoka Nairobi na wanafunzi 81 kwenda kusoma Marekani. Ni mpango wa Tom Mboya na wenzake, wakisaidiwa na Wamarekani kama Jackie Robinson na Harry Belafonte. Mwaka uliofuata ndege zingine zikaenda, na mmoja wa waliosafiri 1960 ni msichana wa Nyeri anayeitwa Wangari, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Profesa Wangari Maathai. Oginga Odinga naye alikuwa anapeleka wengine upande wa pili, Urusi na Ujerumani Mashariki. Vijijini watu waliuza kuku na mbuzi, wakafanya michango ya chai, ili mtoto wa jirani apate viatu na sanduku la safari. Hawakuwa wanamfanyia huyo mtoto tu. Walijua uhuru uko karibu na viti vitabaki wazi.

Na kweli viti vilibaki wazi. Baada ya 1963 maafisa wa kizungu walianza kuondoka na serikali ilitaka Waafrika wa kujaza ofisi, mashule, benki, reli. Guka, na cheti chake cha darasa la nane, bila hata form one, aliandikwa karani wa serikali 1964. Alienda asubuhi, akaulizwa maswali, akapewa kiti. Kwa huo mshahara alinunua baiskeli, akajenga nyumba ya mabati yenye pembe nne, akalipia ndugu zake watatu karo.

Nataka ukae hapo kidogo. Kwa guka, "soma upate kazi" haikuwa usemi. Ilikuwa kitu alichokifanya kikafanya kazi, mbele ya kijiji kizima, mara moja. Angekuwa mjinga kuambia watoto wake kitu kingine.

Shida ni kwamba huo mlango ulikuwa unafungika wakati yeye bado anausifu. Viti vikishajazwa na watu wa miaka 25, watakaa hapo miaka 30. Na mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kubwa kuhusu ajira Kenya. Ilisema kuna watu wengi mno wanaochapa kazi nje ya ofisi, mafundi, wachuuzi, washonaji, na kwamba badala ya serikali kuwasaidia inawafukuza. Ile lugha ya "sekta isiyo rasmi" ilijulikana duniani kwa sababu ya ripoti hiyo iliyotuhusu sisi. Yaani 1972! Wazazi wetu wengi hawakuwa hata wamezaliwa, na tayari ilikuwa imeandikwa kwamba ofisi hazitatosha.

Kizazi cha maziwa

Mzee wangu alizaliwa 1974. Yeye ni wa maziwa ya Nyayo. Kama mzazi wako alisoma miaka ya 80 muulize kuhusu zile pakiti za pembetatu, uone uso ukibadilika. Rais Moi alianzisha hayo maziwa 1979, na watoto walienda shule hata kama hesabu haziwapendi.

Mwaka 1985 ikaja 8-4-4. Hii watu wengi wa umri wetu hawaijui: 8-4-4 ililetwa kwa sababu kazi za ofisi zilikuwa zimeisha. Wazo lilikuwa mtoto akitoka darasa la nane ajue useremala, ushonaji, kilimo, sayansi kimu, ajiajiri. Wazazi waliambiwa wachange wajenge karakana. Miaka hiyohiyo Moi akatembelea mafundi wa Kamukunji, wakaanza kujengewa vibanda wasichomwe na jua, na jua kali likawa neno la serikali.

Lakini mzazi aliyekuwa anasikia hiyo habari ni nani? Ni guka. Mtoto wa watu waliokataa elimu ya mikono ya 1924. Ukimwambia mtoto wake afundishwe kupiga randa, kwake ni kama wazungu wamerudi kwa mlango wa nyuma. Kwa hivyo mzee wangu alitengeneza stuli moja kwa ajili ya mtihani, akapata alama, na stuli ikaishia jikoni ikikaliwa na kuku. Nyumbani aliambiwa kitu kimoja tu: soma, pita, upate kazi ya kalamu.

Alifanya KCSE 1992. Akapita. Na hapo ndipo historia ilimchezea.

Waliomtangulia chuo kikuu walikuwa wanasoma kwa pesa ya serikali, na juu yake wanapewa pesa ya mfukoni waliyoiita boom. Mapema miaka ya 90, Benki ya Dunia na IMF zikiwa zimeshikilia shingo ya bajeti, wanafunzi wakaanza kulipishwa. Serikali ikapunguza kuajiri, halafu ikaanza kupunguza waliopo, wanapewa kiinua mgongo na kuambiwa kwaheri. HELB ilianzishwa 1995, kwa hivyo kusoma sasa ni deni. Mzee alichukua diploma ya uhasibu, akatembea Nairobi na bahasha ya kaki, Industrial Area mpaka Upper Hill, miaka miwili. Akapata kazi, kampuni ikapunguza watu, akatolewa. Sasa ana duka la spea za pikipiki. Hilo duka ndilo limetulisha, limetuvalisha, limetusomesha.

Lakini njoo kwetu uangalie ukuta wa sebuleni. Diploma iko kwa fremu, imepigwa kioo. Leseni ya duka iko kwa droo, chini ya betri zilizokufa.

Nilikuwa naona hiyo kama kichekesho. Siku hizi naona kitu kingine. Mzee wangu hakuamini karatasi kwa sababu ilimsaidia yeye. Aliiamini kwa sababu ilimsaidia baba yake, na yeye alikuwa mtoto akiona. Ilipokataa kwake, hakusema karatasi imebadilika. Alisema ni yeye ana mkosi. Kuna wanaume na wanawake wengi wa rika lake wanaotembea na hiyo aibu mpaka leo, wakidhani walifeli peke yao, na ilhali ni mlango wa nchi nzima uliofungwa.

Kizazi cha bure

Sisi ni watoto wa elimu ya bure. Januari 2003 serikali ya Kibaki ilifuta karo ya shule za msingi, na zaidi ya watoto milioni moja wa ziada wakajitokeza. Mwaka 2004 akaja na mzee Kimani Maruge, aliyepigana wakati wa Mau Mau, akaingia darasa la kwanza Eldoret akiwa na miaka 84, na kaptula na soksi ndefu. Dunia ilimpenda. Lakini ukimweka kwenye hii hesabu yetu, Maruge hakuwa kituko. Alikuwa kizazi cha kipande kinachokuja kuchukua deni lake.

Mimi niliingia darasa la kwanza 2009. Nilifanya KCSE ya 2020, ambayo korona iliisukuma mpaka Machi na Aprili 2021. Nikaitwa chuo. Nyumbani walichinja mbuzi.

Guka alipoanza kazi, Kenya haikuwa na chuo kikuu kilichojisimamia. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata hadhi hiyo 1970, na kikabaki peke yake mpaka Chuo Kikuu cha Moi kilipokuja 1984. Nilipoingia mimi vilikuwa vimepita 60. Karatasi iliyokuwa ya mtu mmoja kijijini sasa iko kwa kila nyumba ya ploti, na wakati huohuo takwimu za serikali zinasema zaidi ya asilimia 80 ya ajira, ukitoa wakulima wadogo, iko kwenye sekta isiyo rasmi. Ile ile ya ripoti ya 1972.

Mwaka wa pili salio la karo lilinifanya nikose kadi ya mtihani. Chuo sitakitaja, na si wao peke yao. Mzee akaniita dukani, akafunga mlango nusu, akaniambia amepata mnunuzi wa ile robo ekari ya guka. Yuko tayari kuuza nimalize.

Nilimwambia, "Hapana, mzee. Usiuze."

Alinyamaza. Halafu akaniuliza swali moja tu: "Sasa wewe utaitwa nani?"

Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kwa swali la pesa. Lakini ukifuata hiyo stori kutoka kipande, swali lake liko sawa kabisa. Kwa watu wake karatasi haikuwa mshahara tu. Ndiyo ilikuwa inakupa jina. Karani. Mwalimu. Mhasibu. Bila hiyo ulikuwa "boi" hata ukiwa na miaka 50. Yeye mwenyewe miaka 20 anauza spea, na ukimuuliza kazi yake anakuambia, "Mimi ni mhasibu, lakini nina duka."

Shamba halikuuzwa. Nilitoka chuo, nikaanza kurekodi video kwa simu, sasa nafanyia wafanyabiashara wadogo matangazo na naandika hizi posti. Kuna miezi mizuri na kuna miezi ya kukopa unga. Bado mzee akiulizwa na majirani anasema niko "mambo ya kompyuta".

Sasa sisi

Ninachosema ni hiki. Wazee wetu hawakutudanganya. Kila kizazi kinampa mtoto majibu ya mtihani kilioufanya chenyewe. Majibu ni sahihi, ila mtihani ni wa mwaka mwingine. Kipande kilijibiwa na kalamu. Viti vitupu vya 1964 vilijibiwa na cheti cha darasa la nane. Guka alimpa baba majibu ya 1964, baba akayabeba mpaka 1994 yakakosewa, akanipa mimi hayohayo 2021 kwa sababu hakuna mengine aliyowahi kupewa.

Na hapa ndipo tuache kujipigia makofi, maana sisi pia tumeanza. Ukipita mtandaoni umejaa watu wa umri wangu wakiambia watoto kwamba shule ni utapeli, shika simu, jiajiri. Dada yangu mdogo, wa mfumo mpya wa CBC, aliniambia hana haja ya kusumbuka na sayansi kwa sababu atafanya kama mimi. Nilishtuka. Si kwa sababu kazi yangu ni mbaya. Ni kwa sababu nilisikia guka akiongea kwa mdomo wangu. "Nilifanya hivi, ikashika, fanya hivi." Simu yangu inalipa leo kwa sababu ya bei ya bando za leo, M-Pesa ya leo, na kampuni za ng'ambo ambazo zikibadilisha mpangilio wao Jumanne, Jumatano sina kazi. Yeye atakuwa na miaka 22 kwenye nchi ambayo sijaiona.

Kwa hivyo sikumwambia asome upate kazi, na sikumwambia shule ni utapeli. Nilimwambia jinsi mimi nilivyofika hapa, na mwaka, na bei, na nani alinisaidia. Nikamwambia daktari wa meno bado anahitaji karatasi na mimi sitaki kung'olewa jino na mtu wa video. Achukue hiyo habari apige hesabu yake.

Kama unaishi na mzazi mnaogombana kuhusu shule au kazi, jaribu hivi wikendi hii. Usimuulize kwa nini haelewi. Muulize: ulipokuwa na umri wangu, kazi zilikuwa zinapatikana aje? Ulilipwa ngapi ya kwanza? Ulinunua nini? Nani kwa rika lenu alisoma na akakosa? Mzee wangu nilimuuliza hilo la mwisho. Alitaja majina saba bila kupumua, mengine wameshakufa, na alipomaliza akasema hakuwahi kuwahesabu pamoja.